Mwonja Sindano wa Kilema

Nyie mabinti mnaopita langoni kwangu na mikoba ya bluu mgongoni, mkiuliza nani anakohoa na nani amemaliza dawa, msidhani kazi hiyo imeanza na nyie. Mimi niliifanya kabla haijapewa jina wala fulana. Niliifanya kwa miguu, kwa pafu moja na kipande, maana kipande kingine walikikata. Leo nimekaa hapa barazani kwa sababu kifua kimekataa mlima. Lakini kabla kifua hakijakataa, kuna mtu aliwahi kunifukuza, naye nitamtaja kwa jina nikifika kwake. Sina sababu ya kumficha. Yeye hakunificha.

Naitwa Mama Prisca. Elimu yangu ni darasa la nne, shule ya misheni hapa hapa Kilema. Baba alisema msichana akiweza kusoma jina lililoandikwa kwenye gunia la kahawa, inamtosha. Basi nikayasoma magunia. Miaka ile soko huria lilipoingia na kila mwenye mzani akawa mnunuzi wa kahawa, nilipata kazi ya kuchambua buni kwenye ghala la mtu binafsi mjini Moshi. Wanawake tulikaa chini mstari mzima, vumbi la maganda linapanda mpaka kope zinakuwa nyeupe kama za wazee. Msimamizi wetu aliitwa Elikana. Nilipoanza kukohoa alisema nakohoa makusudi ili nipumzike. Nilipokohoa damu alisema nawatia wenzangu kinyaa, akanitoa. Huyo ni wa kwanza. Wa pili anakuja.

Ilikuwa saratani ya mapafu. Sigara sijawahi kuishika hata kumwashia mtu. Daktari aliniuliza napikia nini, nikasema kuni. Nafanya kazi gani, nikasema vumbi. Akatikisa kichwa. Nikakatwa, nikatundikiwa dripu, nywele zikaisha, nikafika mahali nguo zinanivaa badala ya mimi kuzivaa.

Nilipotoka huko nikaambiwa kuna mradi. Madaktari wa ng'ambo na wa kwetu walikuwa wamepanga nyumba moja mjini, wakaweka friji na vitanda. Walitaka kujaribu chanjo kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao wameshatibiwa mara ya kwanza, waliokatwa, waliopewa dripu, waliopelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi, na ugonjwa ukatulia. Nikauliza, chanjo? Kwani mimi mtoto mchanga? Nesi Anjela, mama mnene wa Kibosho ambaye ndiye aliyenifundisha kila kitu nitakachowaambia, akanijibu, "Hii siyo ya kuzuia, Mama Prisca. Mwizi alishaingia, tukamfukuza. Hii ni kama kumnusisha mbwa shati la huyo mwizi. Siku akirudi, mbwa amjue."

Kisha akanieleza jambo la pili, na hili mlishike, maana habari yangu yote imening'inia hapo. Nusu ya watu wangechomwa chanjo. Nusu wangechomwa maji ya chumvi, matupu, kwenye sindano inayofanana kabisa. Nani amepata nini, hakuna aliyejua. Si mgonjwa, si nesi, si daktari. Siri ilikaa ng'ambo mpaka mwisho, ndipo walinganishe.

"Kwa hiyo naweza kuchomwa maji?" nikamuuliza.

"Unaweza."

"Na nikizidiwa mtanitibu?"

"Kama kawaida. Picha za kifua utapigwa, ukihitaji dripu utapewa. Hii inaongezwa juu, haiondoi kitu."

Nikapandisha mkono wa gauni. Sikuwa shujaa. Binti yangu Prisca alikuwa bado anahesabia vidole shuleni, na mimi nilitaka kuwa hai siku watu wanakuja kumposa, niwasumbue.

Wagonjwa wa mjini walikubali upesi. Shida ilikuwa huku juu, migombani. Daktari wa mradi aliitwa Nuru, dada wa Tanga, mpole, Kiswahili chake kinateleza kama kimepakwa mafuta. Siku ya kwanza alipanda na kikasha chake cha barafu mpaka kwa Mzee Severini, ambaye alikuwa mkulima wa kahawa mwenye sauti kubwa na kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kilichotunzwa kuliko vyote njia ile. Naye alikuwa amekatwa pafu mwaka ule. Daktari akaeleza mpaka koo likamkauka. Mzee akasikiliza kwa adabu zote, halafu akaagiza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mkewe, Mama Rozalia, akaileta kwenye kata ya kibuyu, akaonja yeye, akampa mume. Mume akaonja, akampa mgeni.

Nyie mliozaliwa wakati wa chupa za kizibo hapa mnapitwa. Kwetu, mbege haimfikii mtu mpaka anayeitoa ameionja mbele ya macho yake. Ukimpa mtu kata hujaionja, umemwambia waziwazi unamtakia mauti. Kuna koo zimeacha kusalimiana kwa sababu ya kata moja.

Daktari Nuru dini yake haimruhusu, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akairudisha. Mzee akasema, "Sasa na yako."

"Yangu ipi, mzee wangu?"

"Hiyo ya kwenye kikasha. Onja."

"Mzee wangu, hii ni ya mgonjwa. Mimi siumwi."

"Na mimi nilipoonja mbege nilikuwa na kiu?"

Daktari akacheka, akidhani anataniwa. Hakuna aliyecheka naye. Nyumba iliyofuata wakamwambia vilevile, na nyingine tena vilevile. Mmoja, kwa huruma, akauliza kama angalau dereva hawezi kuonja. Dereva akarudi kwenye gari akafunga kioo. Kikasha kikashuka mjini kimejaa kama kilivyopanda.

Anjela ndiye aliyewaambia, "Kwani mnahangaika nini? Mwonjaji tunaye. Ni mtu wa Kilema, kachomwa tayari, na anatembea."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Wengine wanaajiriwa kwa vyeti. Mimi niliajiriwa kwa mkono wa kushoto, ule uliochomwa.

Nikaenda kwa Mzee Severini nikiwa na Daktari Nuru. Shikamoo, marahaba, Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, ng'ombe hawajambo, kahawa inaendaje. Kisha nikamwonyesha mkono, pale palipovimba.

"Nimeonja, meku," nikamwambia. Meku ndivyo tunavyomwita mzee wa kuheshimiwa.

"Umeonja nini?"

"Sijui. Inaweza kuwa chanjo, inaweza kuwa maji. Hata daktari huyu hajui. Ninachojua ni kwamba nimechomwa, nimepata homa, nimepona homa, nipo."

Akaniangalia, akamwangalia daktari, akaangalia mkono wangu tena. "Na hujafa."

"Bado."

"Mama Rozalia! Njoo unishikie shati."

Baada ya hapo sikulala njaa ya kazi. Kila nyumba aliyofukuziwa daktari nilimrudisha, na kila nyumba nilisema maneno yaleyale, sikuongeza, sikupunguza. Kazi yangu ilikuwa kuwatembelea waliochomwa, kupima homa na uvimbe, kuwakumbusha siku ya sindano na siku ya kwenda kupigwa picha ya kifua. Hapo ndipo Anjela aliponifunza, na hapo ndipo nataka mnisikilize, maana nawaona mnavyokosea.

Msiingie nyumba ya mtu wakati wa kukamua. Mnaingia mnauliza maswali huku ng'ombe anazuia maziwa, halafu mnashangaa mama wa nyumba anajibu kwa mkato. Na msianze kuuliza kikohozi langoni. Pigeni hodi kwa mbali, msimame, msikilize. Mwenye kifua kizima anaitikia palepale. Mwenye kifua kibaya anasafisha koo kwanza, ndipo anaitikia, na anaitikia kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika ili usijue. Ukishasikia hivyo, mazungumzo mengine yote ni ya heshima tu.

Angalieni zizi. Mwanamume wa huku atakudanganya kuhusu kifua chake mbele ya padri, lakini majani ya ng'ombe hayadanganyi. Kila mtu ana fundo lake la kufungia mzigo. Ukikuta mzigo umefungwa kwa fundo la mtu mwingine, jua mwenye nyumba hapandi tena kukata.

Uvimbe mnaupima kwa rula ya plastiki ile unayoweza kuona ngozi chini yake, na ncha moja mwachieni mgonjwa aishike mwenyewe. Akiishika mwenyewe hatabishana na namba. Kikasha msikijaze barafu kwa sifa. Chanjo ikiganda imekufa, na huku juu kwenye baridi ya mwezi wa saba inaganda haraka kuliko mnavyofikiri. Anjela alinifundisha kutia mkono ndani: iwe baridi ya maji ya mfereji asubuhi, siyo baridi ya mvua ya mawe.

Wagonjwa wengine walikuwa wameshuka kuishi na watoto wao tambarare, Kahe na Mabogini. Huko nilikwenda mara ya kwanza nimevaa viatu vya kanisani, nikidhani nakwenda mjini. Nikafika Mabogini kwenye majaruba ya mpunga, nikakanyaga tuta, tuta likaniachia, nikazama mpaka magoti na viatu vikabaki chini. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akainua kichwa.

"Mama wa mlimani, viatu mnapanda mwezi gani?"

"Huu huu," nikamjibu.

"Vikiota utuite tuje kuvuna."

Nilikwenda kumpima mgonjwa peku, na mgonjwa alicheka mpaka nikaogopa kifua chake. Lakini tangu siku ile alinipenda, na hakukosa sindano hata moja. Kwa hiyo wakati mwingine dondokeni tu. Inasaidia.

Na vituko vilikuwepo. Jumapili baada ya misa, wanaume wa mradi walisimama nyuma ya kanisa wakikunjua mikono na kulinganisha uvimbe, kama wanavyolinganisha nundu za ng'ombe mnadani. Aliyevimba sana alitembea kifua mbele. Ambaye hakuvimba alionekana kachomwa maji, mkewe anamtazama kwa huruma. Mmoja aibu ikamzidi, akajisugua mkono kwa majani ya kuwasha. Nilipofika kupima nikakuta mkono umevimba mpaka kiganjani na shavuni pia, maana alijikuna akasahau akajishika uso. Nikamuuliza, "Na hapo shavuni walikuchoma lini?" Tukacheka mpaka mama yake akaja kuona kuna nini.

Sasa Gaspari.

Gaspari alikuwa msaidizi wa mratibu wa mradi, kijana wa tai. Hakuwa daktari, alikuwa wa kupeleka habari kwa wakubwa, na habari alizipenda ziwe nzuri. Alikuwa anasema na mimi akiangalia juu ya kichwa changu, kama kuna mtu mwenye maana zaidi amesimama nyuma. Sikukuu ya parokia akaja Kilema na kipaza sauti. Watu wamejaa, nyama inachomwa, kwaya imepumzika. Akaniita mbele. Nilidhani anataka niseme yale ninayoyasema siku zote. Kabla sijafungua mdomo akanishika kifundo cha mkono, akauinua juu kama mtu aliyeshinda ndondi.

"Huyu hapa! Mama yenu! Saratani ilimmaliza, chanjo yetu imemponya! Si mnamwona?"

Makofi. Vigelegele. Nikasema, tena kwa nguvu, "Jamani, sijui nilichochomwa!" Lakini kipaza sauti kilikuwa mdomoni kwake, na ngoma ikaanza. Waliosikia walikuwa watu wawili watatu waliosimama karibu, wakadhani naona haya. Nikamvuta Gaspari pembeni, nikamwambia, hilo ulilosema hulijui. Akaniambia, "Mama Prisca, watu wanahitaji matumaini." Na akaenda kula nyama.

Matumaini yake yalifika kwa Mzee Severini. Nilipomtembelea baadaye nikakuta mzee amechangamka, ananiambia yeye na mimi tumepona, tumenywa kata moja. Nikamkumbusha siku yake ya kwenda kupigwa picha ya kifua. Akasema picha ni za wagonjwa. Nikamweleza, meku, mimi mwenyewe sijui nilichomwa nini, yale yalikuwa maneno ya Gaspari. Akacheka. "Wewe una haya ya kike. Mtu msomi amesema mbele ya padri."

Siku nyingine nikapiga hodi. Akasafisha koo kwanza. Nikapita zizini, nikaona mzigo wa majani umefungwa kwa fundo la mtu mwingine. Mama Rozalia alinisindikiza mpaka kwenye mimea ya masale ya mpakani, akazungumza kwa sauti ya chini. Alisema mume wake anakoholea kwenye majani ya mgomba, kisha anayafukia kwenye mashimo ya kahawa ili mkewe asiyaone.

"Damu?" nikauliza.

Akaanza kung'oa magugu yasiyokuwepo.

Nilishuka mjini siku hiyohiyo. Nikamkuta Gaspari, nikamwambia, panda Kilema ukaseme mbele ya watu walewale kwamba hujui. Mzee ameacha kwenda hospitali kwa ajili ya mdomo wako.

Haya ndiyo aliyonijibu, na sijayasahau hata neno: "Mama, wewe tulikuajiri kuonyesha mkono. Kusema siyo kazi yako. Una darasa la ngapi vile?"

Nikaenda kwa Daktari Nuru. Nilimwomba aniambie nilichomwa nini, ili nikamwambie mzee kwa uhakika. Alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akanishika mkono. "Mama Prisca, wallahi sijui. Na hata ningeweza kuifungua siri, nikikufungulia wewe, kazi ya watu wote imeharibika. Nitampandia mimi nikamweleze." Akapanda kweli. Mzee akamkaribisha, akamsikiliza kwa adabu zote, akamwambia amshukuru sana Gaspari.

Mnaona? Daktari alishindwa kwa maneno, mimi nilishindwa kwa maneno. Mzee hakuwa ameamini maneno tangu mwanzo. Aliamini kuonja. Na aliyeonja ni mimi.

Mjukuu wa Mzee Severini akapata kipaimara, ukoo ukakusanyika kihambani. Nikapika mbege mwenyewe. Ndizi niliziivisha mwenyewe, ulezi niliuotesha mwenyewe. Nikaibeba mpaka kwake, wakanipokea kwa shangwe, nikaomba nimhudumie mwenye nyumba kwa mkono wangu. Nikajaza kata. Nikampelekea kwa mikono miwili, bila kuigusisha mdomoni.

Hakuipokea. "Umesahau," akasema taratibu, asiniaibishe.

"Sijasahau, meku."

Waliokuwa wanakata nyama wakasimamisha visu. Mdogo wake, Filemoni, akainuka kwenye kigoda. "Huyu mwanamke ana nini? Onja! Usituletee mambo hapa mbele ya watoto!"

"Sionji."

"Unataka kumuua ndugu yangu?"

Pafu langu halibebi maneno mengi kwa mkupuo, kwa hiyo niliyasema vipande vipande. "Meku, mbege hii naijua yote, kuanzia shambani. Na unaiogopa kwa sababu tu sijaionja. Ile ya sindano niliionja, lakini sijui ilikuwa nini. Gaspari hajui. Daktari hajui. Hiyo ndiyo umeitegemea mpaka umeacha kwenda kupigwa picha. Kama uliinywa kwa sababu ya mdomo wangu, basi leo mdomo wangu nauondoa. Mbele ya ukoo wako. Usiseme tena kwamba mimi na wewe tumepona. Sijui kama nimepona."

Mzee akafungua mdomo anijibu, na kikohozi kikamkamata. Alijitahidi kukizuia, kikamshinda, na shati lake jeupe la sherehe likapata doa ambalo kila mtu aliliona. Mama Rozalia akapiga kelele, "Waambie! Waambie majani ya ng'ombe anakata nani!"

Filemoni akaangalia chini. Ndiye aliyekuwa anakata. Ndiye mwenye fundo.

Mzee akajifuta. Akanyoosha mkono kuelekea kata, sauti yake imekuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. "Onja, mwanangu."

"Utakwenda?"

"Nimesema onja. Kesho nitakwenda. Hawa wote ni mashahidi."

Nikaonja. Akanywa.

Ugonjwa ulikuwa umerudi, lakini ulikuwa bado unashikika. Wakamrudisha kwenye dripu, wakampeleka Dar es Salaam kwenye mionzi, akarudi mwembamba na mwenye hasira, akaendelea kuishi. Alivuna kahawa yake tena, na msimu mwingine akavuna tena. Akamwona yule mjukuu akianza sekondari. Alipokuja kufa, alifia kitandani kwake, amekwisha kugawa kihamba, hakuna aliyegombana. Mnasema hiyo ni kidogo? Muulizeni mkewe.

Mimi Gaspari alinifukuza wiki ileile. Alisema nimewatangazia watu kwamba chanjo ya mradi ni sumu. Daktari Nuru alinitetea mpaka akatishiwa na yeye. Nikarudisha kikasha, nikarudisha kipimajoto. Rula nilibaki nayo, na kama wanaitaka waje waichukue. Anjela akanitafutia nafasi kwenye zahanati ya kanisa, nikaendelea kutembelea wagonjwa mpaka kifua kilipokataa. Na niwaambie kitu cha kujivunia: baada ya siku ile ya kipaimara, wagonjwa wa huku juu hawakukimbia mradi kama Gaspari alivyowaambia wakubwa. Walibaki. Walisema sasa wanajua wanakunywa nini, wanakunywa kisichojulikana, na wamekubali. Daktari Nuru aliniambia watu wa Kilema ndio walioshika siku zao za sindano na picha vizuri kuliko wote.

Mwisho siri ikafunguliwa. Daktari Nuru akapanda, akaniomba twende pamoja kwa Mama Rozalia, maana mzee alikuwa ameshazikwa. Tukakaa sisi watatu chini ya ukingo wa nyumba. Akatueleza bila kupamba. Chanjo haikuwa ile tuliyoitumaini. Waliochomwa chanjo na waliochomwa maji hawakupishana kwa kiasi cha kupigia vigelegele. Lakini wamejifunza, na wengine watajaribu nyingine, na hawatarudia njia hiyo. Akatuuliza kama tunataka kujua nani alichomwa nini.

"Nataka," nikasema. Mama Rozalia akatikisa kichwa kukubali.

"Mama Prisca, wewe ulichomwa chanjo."

"Na baba?" Mama Rozalia akauliza.

"Chanjo pia."

Kwa hiyo Gaspari hakukosea, mtaniambia. Ndivyo alivyoniambia na yeye tulipokutana sokoni, sasa ana tumbo na gari: "Si nilisema? Kumbe chanjo kweli!" Nikamjibu, Gaspari, ulisema usichokijua. Ungesema nina mapacha tumboni na wakazaliwa mapacha, bado ungekuwa hujui. Na tena hiyohiyo iliyokuwa kwangu ilikuwa kwa Mzee Severini. Mbona mkono wake hukuuinua? Akaangalia juu ya kichwa changu. Hakuna aliyekuwa nyuma.

Lakini nirudi kwa Mama Rozalia, siku ile. Aliposikia kwamba mimi na mumewe tulichomwa kitu kimoja, na mimi nimekaa mbele yake napumua na yeye ana kaburi pale migombani, aliinuka. Akaingia ndani. Nikasikia vyombo. Niliogopa. Ningekuwa mimi, sijui ningekuwa na moyo gani.

Akatoka na kata imejaa mbege, povu linamwagikia vidoleni. Akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akaninyooshea. Hakuwa ameionja. Daktari Nuru, ambaye wakati huo alishazijua mila zetu, akanishika gauni kwa nyuma.

"Mama Rozalia," nikasema, "hujaonja."

Akanitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto.

"Wewe uliyetuonjea sisi, nikuonjee nini?"

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainywa mpaka nikaona chini.